Matanki Mawili, Injini Moja: Namna ya Kutafuta Hitilafu ya Mafuta kwenye Pikapu ya Zamani

Likizo ndefu ikikaribia, wengi wetu tunatawanyika kwenda fildi. Wa jiolojia huku, wa misitu kule, wa maji na wa afya ya jamii vijijini. Na gari tunalopewa mara nyingi ni lilelile: Land Cruiser pikapu ya zamani, turubai nyuma, madumu yamefungwa kamba, na kwenye dashibodi kuna kiswichi kidogo ambacho abiria wengi hawajui kazi yake. Kiswichi hicho kinachagua tanki. Gari lina matanki mawili ya mafuta, na siku likianza kukata nguvu porini, mtu anayeelewa kiswichi hicho ana thamani kuliko mwenye sanduku zima la spana.

Nasoma uhandisi mitambo, mwaka wa tatu, na PT yangu niliifanya kwenye mradi mmoja wa utafiti wa maji uliokuwa na gari la namna hii. Somo hili nimeliandika kwa ajili ya wote, hata wale wa sosholojia na sheria, kwa sababu kinachohitajika hapa ni kufuata hatua moja baada ya nyingine bila kuruka. Nitaanza na njia ya mafuta, kisha vipimo, kisha kisa kimoja ambacho kingeishia kwenye mshahara wa mtu.

Mafuta yanapita wapi

Tuchukue pikapu yenye injini ya 1HZ: dizeli, silinda 6, lita 4.2, injini ambayo Toyota walianza kuifunga mwaka 1990 na bado imejaa barabarani kwetu. Ni injini ya kimakanika. Ndani ya tanki hakuna pampu ya umeme. Pampu ya dizeli iliyofungwa ubavuni mwa injini ndiyo inayovuta mafuta yenyewe, kutoka kwenye tanki, kupitia valvu ya kubadilishia tanki, kupitia filta, mpaka ndani yake. Juu ya filta kuna pampu ya mkono, ile tunayoibonyeza kwa kidole gumba kutoa upepo.

Hapa kuna jambo la kwanza la kukariri. Kwa kuwa mafuta yanavutwa, mgandamizo ndani ya mpira wote kutoka tanki hadi pampu uko chini ya ule wa hewa ya nje. Mpira ukipasuka kidogo, dizeli haivuji nje; hewa ndiyo inayoingia ndani. Utalala chini ya gari na tochi, utakuta pakavu kabisa, useme hakuna tatizo. Kumbe tatizo linaingia, halitoki.

Jambo la pili: si mafuta yote yanayofika kwenye pampu yanachomwa. Mengine yanapoza na kulainisha pampu, kisha yanarudi kwenye tanki pamoja na yale yanayovuja kidogo kwenye noseli. Kwa hiyo kila tanki lina mabomba mawili, la kwenda na la kurudi. Valvu ya kubadilishia ina matundu 6: matatu ya upande wa kwenda (mawili kutoka kwenye matanki, moja kwenda kwenye injini) na matatu ya upande wa kurudi. Ukibonyeza kiswichi, pande zote mbili zinatakiwa zigeuke kwa pamoja. Ukigeuka wa kwenda halafu wa kurudi ukagoma, unakunywa kikombe hiki na kutemea kingine.

Jambo la tatu: geji ni moja. Inasoma tanki lililochaguliwa tu. Kinachotokea kwenye tanki lingine hukioni mpaka ubadilishe kiswichi.

Kwa nini matanki mawili ni bahati

Wanaosoma sayansi wanajua maana ya jaribio lenye kontro. Unabadilisha kitu kimoja, vingine vyote unaviacha kama vilivyo, unaangalia matokeo. Mwenye gari la tanki moja hana kontro. Wewe unayo, tena ipo kwenye dashibodi.

Gari likisumbua kwenye tanki A, hamia B, endesha dakika kumi. Likitulia, basi injini, pampu, noseli na filta ya mbele viko salama, kwa sababu matanki yote mawili yanavitumia. Kosa liko upande wa A: ndani ya tanki, kwenye mfuniko, kwenye mpira, au kwenye tundu la valvu linalopokea A. Likisumbua kote kote, geuza mawazo: angalia vile vinavyotumiwa na matanki yote.

Sababu ya dakika kumi ni kwamba mafuta ya tanki la zamani bado yamo ndani ya mpira na filta. Ukihukumu baada ya dakika moja, unahukumu mafuta ya jana.

Vipimo, kwa mpangilio wake

Nimevipanga kuanzia kisichohitaji spana. Usiruke.

1. Uliza kwanza. Linazima lipokuwa baridi au likishachemka? Kwenye mlima au tambarare? Kwenye tanki lipi? Baada ya kilomita ngapi? Asubuhi linawaka, linanguruma nusu dakika, kisha linazima? Hiyo ya mwisho ni dalili ya hewa: usiku kucha mafuta yamerudi tankini kupitia penye upenyo, na asubuhi mpira umebaki mtupu. Dereva analo jibu la nusu ya maswali haya, ila hakuna anayemuuliza.

2. Fungua mfuniko wa tanki. Gari likianza kukata nguvu, simama, fungua mfuniko taratibu, sikiliza. Ukisikia "fyuuu" ya hewa kuingia na gari likawa zima tena, kipumulio cha tanki kimeziba. Mafuta yalikuwa yanatoka, hewa haiingii kushika nafasi yake, mpaka pampu ikashindwa kuvuta. Tope na nyigu wanaojenga kwenye vitundu ni washukiwa wakubwa.

3. Kinga mafuta ya chini ya filta kwenye chupa ya kioo au ya plastiki angavu. Iache dakika tano. Lita moja ya dizeli ina uzito wa takriban kilo 0.84 na ya maji kilo 1, hivyo maji yatakaa chini na mstari utauona wazi. Ukiona utelezi mweusi au kahawia kama makamasi, hao ni vijidudu wanaoishi pale maji na dizeli vinapokutana, hasa kwenye tanki lililokaa muda mrefu bila kutumika.

4. Mpira angavu. Toa kipande cha mpira kati ya filta na pampu, weka mpira wa plastiki unaoonyesha ndani, kaza kwa klampu, toa upepo, washa. Mafuta safi yanapita kama hayatembei. Ukiona mapovu yanakimbia, kuna hewa inaingia nyuma ya hapo. Sogeza mpira angavu kurudi nyuma hatua kwa hatua, filta, kisha valvu, kisha tanki. Mahali mapovu yanapokoma, kosa umelivuka. Liko kati ya hapo na ulipotoka.

5. Dumu. Weka dizeli safi kwenye dumu la lita 10, mpira wa kuvutia na wa kurudishia yote yaingie humo, ukiruka matanki na valvu. Injini ikinguruma vizuri, pampu imeachiwa huru. Kipimo hiki ndicho ningependa kila mtu adai kabla ya kukubali pampu ifunguliwe, maana kuipeleka pampu kupimwa kwenye mashine na kufufuliwa ni hela ndefu, na mara nyingi haina kosa.

6. Umeme. Washa swichi bila kupiga selfu. Kwenye pampu kuna valvu ndogo ya umeme inayoruhusu mafuta. Inatakiwa ilie "tak". Isipolia, chukua mita, pima kama umeme unafika. Fanya hivyo hivyo kwenye valvu ya kubadilishia tanki: mmoja abonyeze kiswichi, mwingine aweke kiganja juu ya valvu aisikie ikigeuka. Isipogeuka, anza na fyuzi na waya wa ethi, ndipo uilaumu valvu.

7. Bomba la kurudi. Chagua tanki A. Toa mpira wa kurudishia unaoingia tanki B, uelekeze kwenye chupa, acha injini ikinguruma. Chupa inatakiwa ibaki kavu. Ikiingia dizeli, valvu haifungi upande wa kurudi.

Usalama kidogo. Usivute mafuta kwa mdomo. Dizeli ikiingia kwenye mapafu ni ugonjwa mbaya kuliko gari kuzima. Usishike bomba la chuma linaloenda kwenye noseli injini ikiwa inanguruma: mgandamizo humo unapita bar 100, na mchirizi mwembamba unaweza kupenya ngozi. Na sigara, hata kama ni dizeli, kaa nayo mbali.

Kisa cha lita zilizopotea

Gari letu lilikuwa na matanki mawili ya lita 90 kila moja. Dereva alikuwa mzee mmoja mpole, mwenye daftari la safari lililoandikwa kwa mwandiko wa mwalimu. Kwa miaka mingi gari lile lilitembea karibu kilomita 8 kwa lita. Miezi michache kabla sijafika likaanza kushuka, mpaka kilomita 5 na ushee. Ofisi iliyosimamia magari ilishamwandikia barua ya kujieleza. Kila mtu alijua maana yake: mzee anauza mafuta. Hatua iliyofuata ilikuwa kukatwa mshahara.

Tukasafiri kutoka Morogoro kwenda Iringa, karibu kilomita 300. Tulipofika Ruaha Mbuyuni tanki kubwa lilikuwa limebaki robo. Mzee akabadilisha kwenda la pili, geji ikapanda mpaka juu kabisa. Tukaanza kupandisha Kitonga. Katikati ya kona gari likapungua nguvu, likamisi, likataka kuzima, malori yanapiga honi nyuma. Akarudisha kiswichi. Baada ya muda gari likapona, tukapanda polepole hadi Iringa.

Kwenye gereji fundi alisikiliza dakika mbili akasema, "Pampu hiyo, imechoka." Gharama aliyoitaja ingemaliza bajeti ya fildi yote, na wanafunzi wanne waliokuwa wanangoja kukusanya sampuli za visima wangerudi chuoni mikono mitupu.

Nikamwambia, "Fundi, pampu ikiwa imechoka, mbona kwenye tanki kubwa inavuta vizuri?" Hakukasirika, ni mtu mwelewa. Akasema, "Haya, tupime." Tukafunga mpira angavu. Tanki kubwa: hakuna povu. Tanki la pili: mapovu kama soda. Tukayafuata kurudi nyuma hadi kwenye kipande cha mpira juu ya chasisi, karibu na tanki, ambacho kilikuwa kimekauka na kupasuka chini ya klampu. Pale chini palikuwa pakavu, kama nilivyosema mwanzo.

Kwa nini Kitonga na si barabara ya tambarare? Kwenye gari letu tanki la pili liko nyuma kabisa, kama mita 3 kutoka kwenye pampu. Kwenye mwinuko wa mita 1 kwa kila mita 10, tanki linakuwa chini ya injini kwa sentimita 30 zaidi. Pampu inalazimika kuvuta kwa nguvu zaidi, na penye upenyo hewa inaingia zaidi. Ongeza na injini inayozunguka kwa kasi kwenye gia ndogo, mafuta yanapita mengi. Tambarare gari lingeweza kuvumilia, mlima ukaliumbua.

Hapo tungeweza kubadilisha mpira tukaondoka. Lakini kitu kimoja kilikuwa kinanisumbua: lile tanki la pili kujaa. Nikamuuliza, "Mzee, tanki hili ulilijaza lini?"

"Hilo? Mwanangu, hilo sijalijaza tangu mwezi wa tatu. Linanisumbua, nimeliacha."

Tukafungua daftari lake. Kweli, kila mstari umeandikwa "tanki kubwa". Sasa tanki ambalo hakuna aliyelijaza kwa miezi, limejaaje mpaka shingoni? Tukatazama mfuniko wake na ubavu wa tanki: vumbi limeganda kama tope la mafuta, kutoka juu kushuka chini. Tanki lilikuwa linafurika, gari likiwa linatembea.

Tukafanya kipimo namba 7. Kiswichi kwenye tanki kubwa, mpira wa kurudishia wa tanki la pili ndani ya chupa yenye alama, injini kwenye mizunguko kama 2,000 kwa dakika. Kwa nusu saa ikaingia lita 2 na nusu. Yaani lita 5 kwa saa zinahama kimya kimya. Valvu ilikuwa imeganda nusu upande wa kurudi: mengine yanarudi kwenye tanki lake, mengine yanakwenda kwa jirani.

Sasa hesabu, fuateni nami. Gari likienda kilomita 80 kwa saa na kutumia lita moja kwa kilomita 8, linachoma lita 10 kwa saa. Ongeza lita 5 zinazohama, tanki kubwa linapungua kwa lita 15 kwa saa. Gawanya 80 kwa 15: kilomita 5.3 kwa lita. Fungua daftari la mzee: kilomita 5 na ushee. Safari zake za mwendo mdogo zilitofautiana kidogo, lakini wastani uliangukia palepale. Mwanzoni lita zile zilijaza tanki la pili bila mtu kujua. Lilipojaa, zikamwagika barabarani.

Na mnyororo wote ukaonekana. Mpira ulipasuka kwanza, tanki la pili likawa linasumbua. Kwa kuwa linasumbua, mzee akaacha kulitumia. Kwa kuwa halitumiki, valvu ikakaa upande mmoja miezi mingi mpaka ikaganda. Ilipoganda, mafuta yakaanza kuhama. Yalipohama, mzee akaitwa mwizi. Kosa la kwanza lilikuwa kipande cha mpira kisichozidi mita moja na nusu.

Tulibadilisha mpira, klampu mbili, filta, tukamwaga mafuta ya chini ya tanki la pili yaliyokuwa na maji, na fundi akapata valvu nyingine iliyotumika, tukaijaribu kwa chupa kabla ya kuifunga. Kurudi Morogoro gari lilitembea kilomita 7.9 kwa lita. Safari ile ina mteremko mwingi, kwa hiyo sikutaka tuitegemee peke yake. Tukaandika wiki tatu zilizofuata, matanki yote mawili yakipimwa kwa kijiti kila jioni mbele ya mtu wa pili. Wastani ukakaa kwenye 8 kasoro kidogo. Karatasi moja ya hesabu, picha za chupa na nakala ya daftari vikapelekwa ofisini. Barua ya makato ikafutwa. Wanafunzi wa visima nao walishakusanya sampuli zao.

Mzee hakufanya sherehe. Alichosema ni kwamba tangu mwanzo aliandika kila lita, ila waliosoma daftari walikuwa wanatafuta jina, hawakutafuta hitilafu.

Kama gari lako ni la petroli

Fikra ni ileile, vipimo vinatofautiana. Chukua Ford F-150 za Marekani za mwanzo wa miaka ya 1990: kila tanki lina pampu yake ya umeme ndani, na kiswichi cha dashibodi kinachagua pampu ipi ipate umeme. Hapo mafuta yanasukumwa, hayavutwi, hivyo mpira uliopasuka utavuja nje na utanusa. Washa swichi, weka sikio kwenye shingo ya tanki: pampu iliyochaguliwa inatakiwa ivume sekunde moja au mbili. Ikivuma moja na nyingine ikawa kimya, anza na umeme wa ile iliyonyamaza. Na mafuta kuhama tanki moja kwenda jingine kunatokea huko pia, valvu ya ndani ikishindwa kufunga. Kipimo cha dumu na chupa usikifanye kwa petroli injini ikiwaka. Tumia geji ya mgandamizo na mtu anayejua.

Kabla hamjaondoka fildi

Mambo machache ya kumwomba dereva, kwa adabu, maana gari ni lake kabla halijawa lenu:

Badilisheni tanki angalau mara moja kwa wiki, hata kama moja linatosha. Valvu inayogeuka haigandi, na mafuta hayakai mpaka yakaota vijidudu.

Someni geji ya matanki yote mawili asubuhi na jioni, muandike. Tanki lisilotumika likipanda, mmeshajua la kufanya.

Jazeni jioni kuliko asubuhi. Tanki tupu usiku linakusanya unyevu, na unyevu unakuwa maji.

Bebeni filta moja ya akiba, mita mbili za mpira wa mafuta wa saizi yake, klampu nne, kipande cha mpira angavu na chupa ya plastiki. Vyote vinaingia kwenye mfuko wa laptopu.

Na kituo cha mafuta mkikitilia shaka, chukueni risiti. EWURA walianza kuweka vinasaba kwenye mafuta mwaka 2010 kwa sababu ya uchakachuaji, na bila risiti huna pa kuanzia malalamiko.

Ukurasa wa vipimo 7 unaweza kuutoa kopi ukaubandika ndani ya mlango wa kabati la gari. Ukikwama, anza na namba 1: muulize dereva.